Ng'ombe wa Komujuni Hawahesabiwi

Ukitaka Komujuni akununie mwaka mzima, muulize ana ng'ombe wangapi. Watu wa Nyaishozi wanalijua hilo tangu zamani, hata wale wa kando ya barabara wanaolima maharage na kahawa na hawana hata mbuzi. Ukikutana naye unamwuliza, "Ng'ombe hawajambo?" naye anakujibu, "Wapo," basi, mnaachana kwa amani.

Ndivyo alivyofundishwa kwao, na ndivyo marehemu mumewe Rugemalira alivyoishi. Ng'ombe hahesabiwi. Ukitamka idadi yao kwa mdomo umewaitia macho ya watu, na macho yakishaingia zizini hayatoki mikono mitupu. Jioni mwenye zizi anasimama langoni, anaangalia nyuso zinavyoingia, na asiyekuwepo anamjua pale pale, kama mama anavyojua nani hajala bila kuhesabu sahani. Na mimi idadi yenyewe sitaiandika hapa. Naijua, kwa sababu mkasa huu uliilazimisha itoke, lakini mama huyu ni jirani yangu na bado napata maziwa kwake.

Anayechunga ng'ombe hao ni Tumwesigye, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Alikuja miaka tisa iliyopita, Rugemalira akiwa hai. Lugha yake na Kinyambo chetu ni mtu na ndugu yake, kwa hiyo siku ya kwanza tu alikuwa anasemezana na ng'ombe na wanamwelewa. Usidhani Komujuni hakuwajaribu wa hapa hapa. Wa kwanza aliacha kazi mwezi wa pili akaenda Kayanga kuendesha bodaboda. Wa pili alilewa mchana, ng'ombe wakaingia shamba la Melkiory wakafagia maharage yote, na fidia yake Komujuni anaisimulia mpaka leo kwa uchungu. Wa tatu hata jina lake hataki kulisikia.

Tumwesigye hakuwa hivyo. Anajua nani ana mimba kabla tumbo halijaonekana. Anajua wakati wa kiangazi maji yako wapi na nyasi ziko wapi, na njia ipi haipiti shambani kwa mtu. Mshahara wake ni fedha kidogo kila mwezi, chumba, maziwa, na juu ya hapo, kama ilivyo desturi ya wafugaji, mtamba mmoja baada ya miaka kadhaa, ng'ombe jike wa kuanzia zizi lake mwenyewe. Rugemalira alipofariki, miaka miwili sasa, watoto walisharidhika na maisha ya mjini. Atwine, binti mkubwa, alipiga simu kutoka Bukoba akasema, "Mama, si uuze hao ng'ombe ununue bajaji mbili?" Komujuni alikata simu. Alibaki yeye na Tumwesigye, na kama Tumwesigye angeondoka, zizi lingekufa. Hilo halikuhitaji msomi kulieleza.

Sasa mwaka huu, mwezi wa nne, mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano. Kila mwenye mfanyakazi kutoka nje ya nchi awe na kibali chake kabla ya mwezi wa saba. Asiyekuwa nacho, mfanyakazi atarudishwa kwao na mwajiri atalipa faini.

"Mwajiri ndiye nani?" Komujuni akauliza.

"Ndiye wewe, mama."

Akaligeuzageuza neno hilo kichwani. Miaka yote alijiona mama mwenye ng'ombe. Leo amekuwa mwajiri, na cheo chenyewe kimekuja na faini.

Mwezi wa saba ni kiangazi, ndipo ng'ombe wanapelekwa mbali kutafuta maji. Kuliko kumpoteza Tumwesigye wakati huo, afadhali uwachinje wote siku moja ujue umepumzika. Kwa hiyo Komujuni akafunga kanga, akachukua bodaboda mpaka Kayanga, akapanda ngazi za ofisi ya vibali, iliyo juu ya duka la pembejeo. Aliyemkuta mezani anaitwa Elipidius, Mhaya wa Muleba, kijana mpole mwenye miwani na mafaili yanayomzidi urefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja kuchukua kibali."

Elipidius akatabasamu kwa huruma, akafungua droo. Jamani, hicho kibali hakichukuliwi, kinatafutwa. Kwanza pasipoti ya mfanyakazi. Tumwesigye hakuwa nayo, kwa hiyo ikabidi aende kwao kuitengeneza, na nani alipe nauli, ada na chakula cha njiani? Mwajiri. Siku kumi na mbili alizokuwa huko, nani alichunga? Mwajiri huyo huyo, na miaka yake hamsini na tisa, na goti linalouma. Halafu picha sita za pasipoti. Steshenari wakapiga, ofisini wakazikataa kwa sababu nyuma pana pazia la maua, zikapigwa tena. Barua ya kitongoji, barua ya kijiji, barua ya kata, kila barua na mhuri wake, na kila mhuri na mwenye mhuri ambaye ametoka kidogo. Cheti cha daktari. Nakala tatu za kila kitu, na steshenari umeme umekatika.

Halafu wakataka ushahidi kwamba ametafuta Mtanzania akamkosa. Komujuni akasema ushahidi anao, amwulize Melkiory na maharage yake. Hapana, litolewe tangazo la nafasi ya kazi, libandikwe wiki mbili. Likabandikwa penye duka la kijijini. Akajitokeza mtu mmoja, Elick, kwa raba nyeupe, akauliza kama Jumapili ni mapumziko na kama kule malishoni kuna mtandao. Alipoambiwa hakuna, akaaga kwa adabu. Komujuni akaomba angalau amwandikie kikaratasi kwamba amekataa kazi. Elick akasema akiandika kitu kama hicho kitamharibia baadaye.

Pakawa na sehemu ya vyeti vya taaluma ya mgeni. "Taaluma gani?" akauliza Komujuni. "Anachunga ng'ombe."

"Ndiyo hiyo, mama. Alisomea wapi?"

"Nyuma ya ng'ombe wa baba yake."

Elipidius akaweka kalamu chini, akavua miwani, akaifuta. "Mama, mimi sina shida na wewe. Fomu ndiyo ina shida." Akaiacha sehemu hiyo wazi kwanza. Palipoulizwa jina la Mtanzania atakayerithishwa ujuzi ili siku moja aichukue kazi hiyo, Komujuni alijiandika mwenyewe, na umri wake. Elipidius akasoma, akageuza ukurasa.

Mwisho kabisa pakawa na mstari mmoja mdogo: idadi ya mifugo.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo mtu wa Muleba asingelifanya, wala wa Dar es Salaam, wala mtu yeyote asiye na ng'ombe. Komujuni alijibu, "Wachache." Elipidius akasema fomu inataka namba. Komujuni akatazama dirishani. Nyuma yake pamekaa watu wanne kwenye benchi, wote wana masikio. Angewezaje? Mtu anataja idadi ya ng'ombe wake mbele ya halaiki, halafu arudi nyumbani alale usingizi?

"Andika kumi," akasema.

Elipidius akaandika kumi. Ada ikalipwa, ile ya maombi na ile ya kibali chenyewe, ambayo alitajiwa kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Akiba yote ya maziwa ya miezi minane ikaingia kwenye namba ya malipo. Akarudi nyumbani akijiona mjanja, amewakwepa na ng'ombe wake salama.

Wiki tatu baadaye jibu likaja. Ombi limekataliwa. Mwajiri mwenye ng'ombe kumi hana haja ya mtaalamu kutoka nje ya nchi, ng'ombe kumi wanaweza kuchungwa na Mtanzania yeyote. Anaweza kuomba upya. Ada iliyolipwa hairudishwi.

Nilikuwepo alipoisoma ile barua, na nakwambia nilitafuta sababu ya kuondoka. Alimkasirikia Elipidius kwa kuandika alichoambiwa. Akamkasirikia mtendaji, akamkasirikia Elick na raba zake. Akajikasirikia mwenyewe zaidi ya wote, kwa sababu uongo ule haukuwa hata wa tamaa, ulikuwa wa heshima, na umemgharimu kuliko wizi. "Eti mtaalamu," akawa anarudia, akizunguka uani. "Wanasema hakuna haja ya mtaalamu. Waje wao wamkamue Bihogo."

Lakini mwezi wa sita ulikuwa umeshaingia, na nyasi za karibu zilikuwa zimeanza kukauka. Alirudi Kayanga, akasema ukweli nusu: wako zaidi ya kumi. Elipidius akamwambia sasa, kwa kuwa namba zimegongana, lazima yeye Elipidius aje kuwahakiki kwa macho, na mafuta ya gari ni juu ya mwombaji. Ada upya. Picha upya, maana zile za zamani zimepigwa mihuri.

Fedha hakuwa nayo. Akaenda kwa Jasson, mfanyabiashara wa ng'ombe, akachukua malipo ya mtamba mmoja kabla ya kumtoa. Alimchagua Kyasha, mwenye baka jeupe usoni, miaka mitatu, bado hajazaa. Zizini mwote ndiye pekee ambaye angeweza kuondoka bila kuacha pengo. Jasson angekuja kumchukua Jumamosi. Tumwesigye hakuambiwa. Komujuni alijua kwamba mwaka huu zamu ya kumpa mtamba wake imefika, na alijua pia kwamba mtamba mwingine wa kutoa hakuna. Akajiambia atampa mwakani. Akajiambia kwamba yote haya si anayafanya kwa ajili yake? Aliyasema haya mara nyingi, na mtu mwenye amani hayasemi mara nyingi.

Elipidius alikuja Jumatano saa nne asubuhi, na faili na buti za mvua. Ng'ombe walikuwa wamezuiwa zizini wakimsubiri, pembe zao ndefu zikigongana, na walikuwa na hasira kuliko mwenye zizi.

"Tunawahesabu tu, mama. Dakika kumi."

Komujuni akasimama langoni. "Hapa hapahesabiwi kitu."

"Mama, nimetoka Kayanga."

"Najua ulikotoka. Mafuta nimeyalipia mimi."

Elipidius akajaribu kueleza. Asipohakiki ataandika kwamba mwajiri amekataa ukaguzi, na ombi litakufa, na safari hii hakuna la tatu. Alieleza kwa upole kweli, na upole wake ndio ulikuwa unamkera Komujuni, kwa sababu mtu mkali angalau unaweza kumfukuza. Mama wa watu akabaki ameshika mti wa lango. Asogee, aitwe aliyewaacha ng'ombe wa Rugemalira wahesabiwe? Akatae, Tumwesigye avuke mpaka wiki ijayo na zizi life? Machozi yalimlenga, na hayakuwa ya huzuni.

Tumwesigye ndiye aliyeongea. "Mheshimiwa, kuwahesabu ni mwiko. Kuwaita majina si mwiko. Mimi nitawaita, wanatoka mmoja mmoja. Wewe na kalamu yako mtajua la kufanya."

Elipidius akafikiri. "Mama?"

Komujuni aliachia mti wa lango, akageuka, akawapa mgongo wote wawili. Kalamu asiione.

Tumwesigye akaita. "Siina." Ng'ombe wa kahawia iliyokolea akajitenga na wenzake akatoka. "Gaju." Akatoka. "Kozi. Mpuga. Mpuga mdogo." Hakupaza sauti. Aliwaita kama mtu anayewaamsha watoto, na kila aliyeitwa aliinua kichwa, akasukuma wenzake, akapita langoni. Elipidius alianza kwa kuchora vistari haraka haraka, lakini kadiri majina yalivyoendelea mkono ukapunguza mwendo, ikawa anamsubiri ng'ombe apite kabisa ndipo achore. Bihogo alitoka karibu na mwisho, mwekundu, taratibu, wa uzao wa yule ng'ombe aliyeletwa kwao Komujuni siku ya mahari yake, ambaye ndama wake wazazi walimrudishia binti yao aanzie maisha. Alisimama kumnusa Komujuni bega, akaendelea.

Majina yakaisha. Komujuni, bado amegeuka, alijua mmoja amebaki. Nyuso zilikuwa zimepita akilini mwake moja moja, na mmoja hakupita.

Elipidius naye alikuwa ameona. "Na yule mwenye baka jeupe?"

"Yule hayumo," akasema Tumwesigye.

"Hayumo vipi? Si namwona?"

Tumwesigye akamgeukia Komujuni, akasema Kinyambo, kwa adabu, kama anayemkumbusha jambo la kawaida. "Kyasha sikumtaja kwa sababu si wako, mama. Mzee alinipa siku ile ile aliyozaliwa. Ningetaja ng'ombe wangu ndani ya wako ningekuwa nimesema uongo serikalini."

Elipidius ni Mhaya, na Kihaya na Kinyambo havipishani sana, kwa hiyo alielewa kila neno. Akaangalia karatasi yake. "Fomu inauliza ng'ombe wa mwajiri," akasema. "Wengine sijauliza." Akafunga faili. Alipofika kwenye gari akageuka. "Na ile sehemu ya vyeti vya taaluma, mama, nitaijaza mwenyewe. Nimeona."

Ilikuwa habari njema kuliko zote za mwaka mzima, na Komujuni hakuisikia. Alikuwa anaikumbuka asubuhi aliyozaliwa Kyasha. Rugemalira alikuwa ameinama juu ya ndama, mvua inanyesha, akasema, "Huyu na Tumwesigye wataelewana." Komujuni aliyekuwa amebeba chombo cha maziwa alicheka, akadhani ni maneno ya kupita. Mume wake huyo, mpaka amekufa hakuwahi kumaliza sentensi zake. Angesema wazi angepungukiwa nini?

Shahidi hakuwepo. Angeweza kumwambia Tumwesigye kwamba mzee hakumwachia neno, na Tumwesigye angenyamaza, maana ndivyo alivyo. Jambo hilo alilifikiria usiku na mchana wa Alhamisi nzima. Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Jasson.

"Fedha yako nimeshailipa serikalini," akamwambia. "Kyasha simtoi. Nisubiri nikurudishie."

"Mama, mimi sikukukopesha, nilinunua ng'ombe. Na mteja wangu wa Kayanga ameshanipa chake." Jasson si mtu mbaya, ni mfanyabiashara tu. "Nipe mwingine, nitakuongezea tofauti. Nipe yule mwekundu."

Komujuni alimtukana kwa Kinyambo, matusi mazuri ya zamani ambayo vijana hawayajui tena. Jasson alisubiri amalize.

Jumamosi gari lilikuja saa tatu. Komujuni mwenyewe ndiye aliyemtoa Bihogo, na kamba akaifunga mwenyewe. Tumwesigye alitoka mbio kutoka upande wa maji.

"Mama, Bihogo? Kwa nini Bihogo?"

"Kwa sababu nimesema."

"Amebakiza miezi miwili azae."

"Tumwesigye, najua. Nisaidie kumpandisha."

Walimpandisha. Bihogo hakusumbua, aliwaamini, na hilo ndilo lilikuwa baya. Jasson alihesabu tofauti akampa mkononi, Komujuni akaitia kwenye kanga bila kuitazama. Kwamba Kyasha ndiye alikuwa ameuzwa kwanza, hakumwambia Tumwesigye siku hiyo, na mpaka naandika hivi hajamwambia. Alichomwambia ni kwamba Kyasha akizaa, ndama naye ni wake, asije mtu akabishana.

Kibali kilifika siku nne kabla ya mwezi wa saba, karatasi moja ngumu yenye picha ya Tumwesigye amekodoa macho, na chini yake taaluma yake imeandikwa vizuri. Ni cha muda. Kikiisha wanaanza tena, ada, picha, barua na yote. Pembeni, kwa wino mweusi, imeandikwa idadi ya mifugo ya mwajiri. Komujuni aliisoma ile namba mara moja, kimoyomoyo, akakikunja kibali akakitia chini ya godoro. Lakini namba ilikuwa imeshaingia kichwani.

Siku hiyo jioni nilipita kuchukua maziwa. Ng'ombe walikuwa wanarudi na vumbi lao, na yeye kasimama langoni kama miaka yote. Nikaona midomo yake inacheza. Nilidhani anasali. Nikasogea, nikamsikia: sita, saba, nane. Aliponiona akakaza midomo, lakini macho yalikuwa yanaendelea, yanaruka kutoka mgongo huu kwenda mgongo ule, hayatulii kwenye uso wa yeyote, na alipopita Kyasha yakamruka, maana si wake. Wa mwisho alipoingia, alibaki ametazama njia.

"Unamngoja nani, mama?" Tumwesigye akamwuliza. "Wamekwisha wote."

"Najua wamekwisha," akasema Komujuni kwa hasira. "Amepungua mmoja. Funga lango."